Aina mia si hesabu: andikeni saa, njia na sufuri

Mhariri,

Kichwa cha habari cha namna hii tumekizoea: vijana wa kujitolea wameingia msituni asubuhi moja na kurekodi aina themanini za ndege, au mia na kitu. Picha ya fulana mpya, maneno mawili ya mgeni rasmi, basi. Msomaji hufurahi, mfadhili hufurahi. Sisi tunaoifanya kazi hiyo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, hapa Kilifi, tunabaki na swali moja: walitembea wangapi, kwa saa ngapi, wapi?

Bila majibu hayo namba hiyo haina kazi. Watu kumi na wawili wakizunguka kwa saa sita wataona aina nyingi kuliko watu wawili waliotembea saa mbili, hata kama kati ya hesabu hizo mbili msitu umepoteza nusu ya ndege wake. Mwaka huu aina sabini, mwaka ujao tisini: anayesoma atasema msitu umepona, kumbe kilichoongezeka ni miguu. Tunaomba gazeti liwe linauliza, na tunaeleza hapa kazi yenyewe inavyokwenda ili mwandishi ajue la kuuliza.

Kwanza ardhi. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba zipatazo 420, lakini kwa mhesabu hiyo ni misitu mitatu. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mirihi, miti iliyoachana ambayo mtu huona mbali chini yake. Magharibi, kwenye mchanga mwekundu, ndiko kuliko na miti ya Cynometra na mihuhu, kichaka kilichofumana, na sehemu hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya msitu wote. Kwenye mirihi unaweza kumwona paa akiwa hatua hamsini. Kwenye Cynometra anaweza kusimama hatua nane kutoka kwako usijue yupo. Kwa hiyo kikundi kilichohesabu paa kumi mirihini na kikundi kilichohesabu wawili kwenye Cynometra hawajaonyesha kwamba mirihini kuna paa wengi mara tano. Wameonyesha kwamba mirihini kuna mwanga.

Dawa yake ni mstari wa hesabu na kupima umbali. Mstari huchaguliwa mezani kwenye ramani kabla ya mtu yeyote kuingia msituni, na haufuati barabara ya magari, kwa kuwa kando ya barabara kuna uwazi, kuna madimbwi, na kuna wanyama ama waliozoea watu ama waliokwisha wakimbia. Kilomita moja au mbili zinatosha kwa mstari mmoja. Wanaotembea ni watatu: wa mbele anaangalia mstari wenyewe na pande zote mbili, wa pili anaandika, wa tatu ni askari wa wanyamapori au wa misitu. Huyo wa tatu si wa mapambo. Ndani ya msitu kuna tembo, na tembo wa kichakani humwoni, unasikia tawi. Mwendo ni kama kilomita moja kwa saa, pamoja na kusimama. Mkienda haraka mnahesabu wanyama waliokwisha kuwasikia.

Akionekana mnyama, hakuna kumkimbilia wala kumnyooshea kidole. Unakariri mahali alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza: ule mti, lile shina lililoanguka. Kisha unapima umbali unaokata mstari kwa pembe mraba kutoka mahali pale hadi kwenye mstari wenu. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa njia mbili. Watu hupima kutoka walipokuwa wamesimama hadi kwa mnyama, ule umbali wa mshazari, na kuuandika kama ndio wenyewe. Ukiwa mrefu kuliko kweli, wanyama wanaonekana wametawanyika zaidi na idadi inashuka. Au hupima mpaka pale mnyama alipokimbilia, na kosa ni lilelile. Jambo la tatu ni kupenda namba za mviringo: mita 5, mita 10, mita 20. Ukikuta fomu nzima haina mita 7 wala mita 13, ujue tepu ilibaki mfukoni. Tepu ya mita 50 haigharimu kitu cha kutisha, lakini miiba ya kichakani huifanya watu waiogope.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu kadiri mnyama alivyo mbali na mstari ndivyo anavyokosekana zaidi, na kutokana na umbali ulioandikwa mtaalamu anaweza kukadiria wangapi walikosekana. Ila hesabu hiyo inataka mnyama awe ameonekana mara 60 hadi 80 ndipo ianze kuaminika. Piga mahesabu mwenyewe. Kama paa huonekana mara moja kila kilomita tano, mtatembea kilomita 300. Watu wa vijiji vitano wakigawana mistari na kuirudia mwezi baada ya mwezi watafika. Hafla ya asubuhi moja, hata iwe na maturubai na vipaza sauti, haifiki.

Kwa mnyama adimu kabisa, kama paa nunga, hata hizo kilomita 300 hazitoshi. Huyo hutafutwa kwa kamera za kufungwa mtini. Nazo zina mambo yake. Kwa paa, kamera hufungwa usawa wa goti. Kwa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, shusha zaidi. Ielekezwe kaskazini au kusini, la sivyo jua la asubuhi au la jioni litaifyatua bure. Majani yote ya mbele yakatwe, maana tawi moja linalopepea kwenye upepo linaweza kujaza kadi kabla ya mwisho wa wiki, na mnyama akipita siku ya nane hana pa kuandikwa. Tarehe na saa zikaguliwe kila betri zinapobadilishwa, kwa kuwa baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Na picha kumi za paa yuleyule akila majani kwa dakika ishirini ni tukio moja, si paa kumi. Tumeona ripoti zilizosahau hilo.

Sange tumemtaja, na huyu ndiye mwenye msitu: yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mkubwa kuliko panya wa nyumbani, pua ndefu inayochakura majani makavu. Yuko hatarini kutoweka, na dunia nzima makao yake makuu ni hapa. Hutembea mchana, kwa hiyo mstari wa asubuhi humpata. Sikio hutangulia jicho: majani yanachakurwa, yananyamaza, yanachakurwa tena. Angalia pia kurumbiza. Ndege huyo humfuata sange nyuma ili aokote wadudu wanaofukuliwa, na ukimwona kurumbiza anarukaruka chinichini palepale bila kuhama, simama uhesabu hadi mia kabla ya kupiga hatua. Sange akishtuka huondoka kwa kurukaruka, na ile dhahabu ya nyuma ndiyo pekee utakayoiona.

Wengine huhesabu viota vyake badala ya kumhesabu mwenyewe, maana kiota hakikimbii. Ni lundo la majani makavu juu ya shimo fupi, na jicho ambalo halijafundishwa hulipita kama takataka za upepo. Tofauti ni kwamba upepo hulaza majani upande mmoja, yakiegemea shina au gogo. Kiota hukaa mahali pa wazi, mviringo, kimetuna. Tatizo ni kwamba sange mmoja huwa na viota kadhaa kwa wakati mmoja na huvihama mara kwa mara, na mvua ikinyesha vya zamani hulala. Kwa hiyo viota ishirini si sange ishirini. Kinachofaa ni kulinganisha viota vya mstari uleule, msimu uleule, mwaka kwa mwaka, na kutenga safu ya kiota kipya na safu ya kiota kilicholala. Hapohapo, kwenye fomu ileile, iandikwe mitego: waya au kamba, mingapi kwa kila kilomita. Sange hunaswa kwenye mitego aliyotegewa paa, na namba ya mitego huwa inaeleza namba ya viota kabla hamjaulizana.

Ndege ni shule nyingine. Watu husimama kwenye vituo vilivyopangwa, dakika kumi kila kituo, wakiandika kila walichoona na kusikia. Kwa ndege anayeimba peke yake kwenye eneo lake, njia hiyo ni nzuri. Kwa kwera wa Clarke ni mtego. Huyu anapatikana Kilifi tu, hapa Arabuko na kule Dakatcha, na hutembea kwenye vilele vya mirihi pamoja na makundi mchanganyiko ya ndege wengine. Unaweza kukaa vituo ishirini ukaandika sufuri, na kituo cha ishirini na moja likapita kundi la thelathini. Asiyejua atachukua vile ishirini kuwa kazi bure na kuviacha nje ya ripoti. Akishaviacha, msitu mzima unaonekana umejaa kwera.

Ndiyo maana tunasisitiza sufuri. Fomu yenye mstari uliotembewa bila kuonekana kitu ina thamani sawa na fomu iliyojaa, na wakati mwingine inazidi. Mtu wa kujitolea huona haya kurudisha karatasi tupu. Anahisi ataambiwa alilala chini ya mti. Kiongozi wa kikundi afundishe tangu siku ya kwanza kwamba karatasi tupu yenye saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jina la mstari ni kazi iliyofanyika. Kwera wa Clarke alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, na mahali anapotaga hapakujulikana mpaka 2013, miaka mia, alipokutwa akijenga kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha. Wenyeji walikuwa miongoni mwa waliomtafuta. Kuandikwa kwa sehemu ambazo hayupo humpunguzia mtafutaji wa kesho mahali pa kutafuta.

Bundi wa Sokoke naye hahesabiwi kwa macho. Kimo chake hakifiki shubiri, yuko wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na mchana hulala ndani ya kichaka kwa namna ya jani kavu. Huhesabiwa usiku kwa sauti, kwenye mchanga mwekundu wa Cynometra, maana huko kwenye mirihi utapoteza usiku wako. Vituo viachane nusu kilomita. Mkifika, kaeni kimya dakika mbili mkisikiliza tu. Kisha cheza sauti yake kwenye spika dakika moja, nyamazeni dakika nne. Kila anayeitika aandikwe saa, upande kwa dira, na makisio ya karibu au mbali. Dira ni lazima: bundi akiisikia spika huja, na anaweza kuwafuata mpaka kituo cha pili akaandikwa mara mbili kama majirani wawili. Ukubwa wa sauti ya spika uwe uleule usiku wote na mwaka wote, vinginevyo mnahesabu nguvu ya betri. Usiku wa upepo mrudi nyumbani. Na sauti isirudiwe kwa kuwafurahisha wageni, maana ndege anayeitwa kila jioni huacha kuwinda ili apambane na adui asiyeonekana, na baadaye huzoea na kunyamaza. Hapo hesabu yenu itasema ametoweka.

Mida ni habari ya maji. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini hufanywa Januari, wakati vitwitwi wa kaskazini wako kwetu kwa wingi, pamoja na wale ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa. Maji yakitoka wanatawanyika kwenye matope yote, hakuna awezaye kuwahesabu. Maji yakijaa yanawasukuma kuelekea juu mpaka wanajipanga kwenye kipande kidogo cha mchanga. Hapo ndipo. Wavuvi wanajua hili kuliko kitabu chochote: wakati wa maji mafu matope hayafuniki sawasawa na ndege hawakusanyiki, wakati wa bamvua kubwa hata kile kipande cha mwisho huzama na kundi lote huruka kwenda kusikojulikana, na timu iliyofika kwa saa ya ofisi inakuta maji matupu. Timu iwe imekaa mahali pake saa mbili kabla ya kujaa, ikikumbuka kwamba maji ya ndani ya hori huchelewa nyuma ya yale ya jedwali la bandari. Jua liwe mgongoni. Ukihesabu ukilitazama jua, vitwitwi wote ni weusi.

Mmoja anaangalia kwenye darubini ya miguu mitatu, mmoja anaandika, na mwangaliaji haondoi jicho. Kwanza jumla, kwa mafungu: unahesabu kumi kwa makini, unajifunza kumi inachukua upana gani, kisha unapiga kumi-kumi mpaka mwisho wa kundi. Halafu unarudi kutafuta mgao wa aina: ndege mia wa kwanza, wangapi ni wa aina hii, wangapi ile. Lakini usichukue mia hiyo mahali pamoja. Wenye miguu mirefu husimama majini, wafupi hukaa juu mchangani, na ukipima ukingo mmoja umepima aina mbili tu. Chukua sehemu tatu za kundi. Usiyemtambua mwandike “kitwitwi, hajatambuliwa”. Fomu isiyokuwa hata na mmoja wa hao imejazwa na mtu jasiri kupita kiasi. Mwewe akipita na wote wakaruka, futeni mlichofikia, subirini watulie, anzeni upya.

Na Januari peke yake haitoshi. Kwenye mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, kuna ndege wanaovuka bahari kutoka Madagascar na kufika katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Anayehesabu Januari tu atasema hawapo.

Kuhusu simu, tutasema kwa ufupi. Zinasaidia. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya hukubali orodha kutoka kwa mtu yeyote, na masharti yake ndiyo tunayoyapigia kelele hapa: eneo limegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, angalau saa mbili za kuangalia kwa dhati, na aina ziandikwe kwa mpangilio zilivyoonekana. Lakini simu huishiwa chaji, na chini ya miti mizito alama ya mahali hupotea kwa mita kadhaa. Karatasi iwepo. Penseli, si kalamu. Umande na jasho hula wino kabla hujafika nyumbani.

Limebaki la pesa, ambalo huwa halisemwi kwenye hafla. Kujitolea maana yake ni kutolipwa mshahara. Si kujilipia nauli ya bodaboda, chakula, tochi na viatu vya mpira ili ofisi fulani ipate namba. Anayeacha shamba kabla ya jua kuchomoza arudishiwe nauli siku hiyohiyo, sivyo mwezi wa tatu mstari wake hautakuwa na mtu, na mstari uliokatika katikati ya mwaka umeharibu na ile miezi ya nyuma. Fomu nazo zirudi. Tunajua za miaka ambazo zilipelekwa mjini na hakuna aliyeziona tena. Nakala moja ibaki kijijini, kwenye faili kavu, na matokeo yasomwe barazani kwa mzee wa mtaa na chifu kabla ya kusomwa hotelini.

Kwa gazeti lako, Mhariri, ombi letu ni dogo. Mkiandika habari ya hesabu, ongezeni sentensi moja: watu wangapi, saa ngapi, kilomita ngapi, njia ipi, na kama njia hiyohiyo ilihesabiwa mwaka uliotangulia. Kama msemaji hana majibu, andikeni kwamba hana. Msichapishe mahali hasa bundi anapolala wala kiota kilipo. “Ndani ya msitu” inatosha, maana wapiga picha na watega nyavu nao husoma gazeti. Na mwandishi atakayekuja Mida Januari aje kabla ya maji kujaa, asivae shati jeupe, na asiteremke mchangani kupiga picha mpaka mwandikaji afunge daftari.

Wahesabu wa kujitolea,
Gede na Mida, Kilifi